Jambazi wangu ana "vishimo mashavuni", mhariri anasema ana dimpozi. Tusaidiane hili neno

mtafsiri_wa_usiku

Wakuu, salamu kwenu.

Natafsiri riwaya ya upelelezi kutoka Kiingereza. Kuna mhusika mmoja, jambazi, ambaye mwandishi kamweleza kwa neno moja tu: *pockmarked*. Neno moja, basi, kahamia kwenye koti lake. Msomaji wa Kiingereza akilipita neno hilo picha inamjia yenyewe: ngozi ya mashavu imechimbikachimbika, makovu yamezama badala ya kuvimba, uso wa mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa vipele au aliyeteswa na chunusi ujanani.

Mimi nikaandika "mwanamume mwenye vishimo mashavuni". Nikajipongeza, nikalala. Juzi mhariri kanirudishia sura nzima, pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Mbona jambazi ana dimpozi? Ndiye atakayeoa mwishoni?"

Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana yuko sahihi. Ukimwambia Mswahili kwamba fulani ana vishimo mashavuni, anamwona mtu anatabasamu.

Nikafuta. Nikajaribu "uso uliotobokatoboka", ukawa kama chujio. Nikajaribu "uso wa ndui", mke wangu akauliza kama ni mgonjwa na kama anaambukiza. Nikajaribu "uso wenye mabaka", likawa suala la rangi. Usiku mzima umeishia kwenye neno moja.

Maswali yangu ni mawili. Ndui ni ugonjwa tu, au hata ile alama inayobaki inaitwa ndui? Na kama mtu ana makovu ya kuzama yaliyotokana na chunusi, je, tunaruhusiwa kusema ana ndui?

Nawasilisha.

---

Mpita Njia

Andika "mwenye makovu usoni" uendelee na maisha mkuu. Riwaya ina kurasa ngapi?

---

mtafsiri_wa_usiku

312. Na nilishaandika hivyo, ndiyo jaribio la tano. Tatizo: jambazi + kovu = kisu. Msomaji wote watamwona ana mstari kuanzia sikioni hadi kidevuni. Baadaye kwenye kitabu kuna mtu MWINGINE mwenye kovu la kisu. Nikiwachanganya hao wawili, upelelezi wote umekufa.

*Msomaji wote = wasomaji wote. Usingizi.

---

Kalamu Butu

Mkuu umegusa neno ninalolipenda.

Ndui kwanza ni ugonjwa, hilo halina ubishi. Ila katika mazungumzo jina la ugonjwa limehamia kwenye alama. Mtu anakunja mkono wa shati anakuonyesha kile kikovu cha duara, anasema "hii ndui yangu". Haumwi. Anachokuonyesha ni alama ya chanjo. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: ndiyo, watu wanaita alama ndui, lakini wakisema hivyo bila kuongeza neno, wengi wanafikiria bega wala si uso.

Kichekesho ni kwamba hata hiyo ya begani, kwa wengi wetu si ya ndui. Chanjo ya ndui kwa watu wa kawaida ilikoma duniani ugonjwa ulipotokomezwa. Mgonjwa wa mwisho kuipata kwa njia ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, akaishi, na baadaye akafanya kazi ya kuhamasisha watu kuchanja watoto dhidi ya polio. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui haipo tena. Kwa hiyo kijana wa miaka 30 anayekuonyesha "ndui" yake begani anakuonyesha kovu la chanjo ya kifua kikuu, ile ya BCG. Ugonjwa umekufa, chanjo yake imeachwa, jina limebaki linaelea likatafuta kovu jingine la kukalia.

Halafu angalia neno lenyewe *chanjo*. Limetoka kwenye kuchanja. Tunachanja kuni, tunachanja chale, tunachanja mtoto. Siku hizi sindano inaingia na kutoka hata mtoto hajamaliza kushtuka, na chanjo nyingine ni matone ya mdomoni, lakini lugha bado inakumbuka wembe. Na kweli kabla ya chanjo kulikuwa na kupandikiza: unachukua usaha wa mgonjwa wa ndui, unachanja ngozi ya mzima, unaupaka hapo ili augue kidogo na akipona asiugue tena. Mwanzoni mwa karne ya 18 kule Boston, mtumwa Mwafrika aliyepewa jina la Onesimus alimsimulia bwana wake, mchungaji Cotton Mather, jinsi alivyofanyiwa hivyo kwao, na akamwonyesha kovu mkononi. Mlipuko wa 1721 ulipowafikia, Mather akawasihi matabibu wajaribu. Wengi wakamtukana, mmoja akakubali. Waliopandikizwa walikufa wachache sana ukilinganisha na walioupata ugonjwa wenyewe.

Edward Jenner anakuja baadaye, 1796, akitumia ndui ya ng'ombe.

Samahani, nimetoka nje ya swali. Nikianza kuandika kuhusu ndui sijui kufunga breki.

---

Mpita Njia

Hujatoka mkuu, endelea. Mimi nilikuja kucheka dimpozi, sasa najifunza.

---

Bibi Sarufi

Habari zenu wanangu. Nimesoma toka juu.

Mtafsiri, kosa lako kubwa halikuwa "vishimo". Kubwa lilikuwa "kutobokatoboka". Hebu tutazame vitenzi, maana ndiko dawa iliko.

Kutoboka ni kupenya hadi upande wa pili. Ndoo iliyotoboka inavuja. Kubonyea ni kuingia ndani bila kupenya. Ndoo iliyobonyea haivuji, ila imeharibika sura. Uso wa jambazi wako umeharibika sura, hauvuji.

Tofauti hiyohiyo iko kwenye nomino. Tundu lina huku na huku: tundu la sindano, tundu la pua, tundu la ufunguo. Shimo lina chini, lina kina, lina mahali pa kutua. Kovu la kuzama ni shimo, si tundu. Kwa hiyo "kishimo" kilikuwa sahihi kwa umbo. Kilichokuponza ni mahali. Kishimo kimoja katikati ya shavu ni urembo, vishimo hamsini si urembo, na Kiswahili hakikupi njia ya kuonyesha hamsini kwa wingi wa vi- peke yake, maana hata viwili ni "vishimo". Wingi wa fujo tunauonyesha kwa kurudufu kitenzi: uso uliobonyeabonyea, ngozi iliyochimbikachimbika. Ukisikia kitenzi kimejirudia hivyo unajua jambo limetokea mara nyingi, ovyoovyo, bila mpangilio. Hiyo ndiyo picha unayoitafuta.

Kuhusu mabaka na madoa, hayo uyaache. Baka na doa ni mambo ya rangi. Mtu anaweza kuwa na mabaka na ngozi yake ikawa laini kama karatasi.

---

mtafsiri_wa_usiku

Bibi, shikamoo. "Hauvuji" imeniua.

---

Bibi Sarufi

Marahaba. Usife kabla hujamaliza kurasa 312.

---

ngozi_ni_nguo

Mimi nafanya kazi kliniki ya ngozi, niongeze upande wa kazi, huenda ukamsaidia mtoa uzi kuchagua.

Kwanza kwa nini linazama. Kidonda kikiishia juu kabisa ya ngozi, kinapona bila kuacha kitu, au kinaacha doa ambalo huisha lenyewe kwa miezi. Kikishuka hadi tabaka la ndani kikala zile nyuzi zinazoshikilia ngozi, mwili unajaza pengo kwa haraka, na ukijaza pungufu panabaki bonde. Ukijaza kupita kiasi linakuwa kovu la kuvimba. Kwa hiyo kovu la kuzama na kovu la kuvimba ni mafundi wawili waliokosea hesabu, mmoja kapunja na mwingine kazidisha.

Ndui ilikuwa inashuka chini sana. Wale waliowahi kuhudumia wagonjwa waliandika kwamba vipele vyake ukivigusa ni vigumu, kama shanga zilizofukiwa ndani ya ngozi, na vingi vina kitovu katikati. Vilijaa zaidi usoni, mikononi na miguuni kuliko kiwiliwili. Uso uliumia kuliko sehemu nyingine kwa sababu una tezi nyingi za mafuta, na virusi viliziharibu tezi zenyewe. Ndui kali iliua karibu watu 3 katika kila 10 walioipata, na wengi wa waliobaki walitoka na uso wa mashimo. Wengine walitoka vipofu.

Tetekuwanga ni kinyume. Vipele vyake viko juujuu, vinajaa zaidi kifuani na mgongoni, na utavikuta vya kila umri kwa pamoja: hapa kipya, hapa lengelenge, hapa kigaga. Kwa kawaida havichimbi. Kinachochimba ni kucha za mtoto anayebandua kigaga kabla hakijaiva, au kipele kikiingiwa na bakteria. Ndiyo maana mtu aliyeugua tetekuwanga huwa na vishimo viwili vitatu tu, kimoja kwenye paji la uso, kingine kando ya pua, vya mviringo na kingo safi. Uso mzima kuharibika kwa tetekuwanga ni nadra.

Chunusi ndizo zinazochimba watu wengi siku hizi. Na hazichimbi kwa namna moja. Kuna kovu jembamba na refu kwenda chini, utadhani ngozi imechomwa sindano nene. Kuna pana lenye kuta wima, kama alama ya muhuri. Na kuna yale ya mawimbi, ambayo hayana kingo, ngozi inapanda na kushuka tu, kwa sababu imeshikwa chini kwa nyuzi. Haya ya mwisho ukivuta ngozi kwa vidole viwili yanapotea, ukiachia yanarudi. Kila namna ina tiba yake. Ya sindano hutiwa asidi kali kwa ncha ya kijiti, tone kwa tone. Ya mawimbi hukatwa zile nyuzi kwa sindano inayopita chini ya ngozi. Mengine leza au vifaa vya sindano ndogondogo. Yanapungua, hayafutiki kabisa, na anayewaahidi uso mpya kwa wiki mbili kwa krimu anawadanganya.

Wagonjwa wengi wanakuja wanasema "nina makovu", ukiangalia ni madoa. Kipimo changu rahisi: fumba macho, pitisha kidole. Kama kidole hakikwami popote, ni doa, tulia. Kikizama, ni kovu.

Na jamani acheni kutumbua.

---

Kalamu Butu

"Kucha za mtoto anayebandua kigaga". Nimejigusa paji la uso hapa. Ipo moja.

---

chumvi_ya_bahari

Swali la kizembe: tetekuwanga na ndui ya kuku ni kitu kimoja? Nimeona tafsiri imeandikwa ndui ya kuku.

---

ngozi_ni_nguo

Hapana! Ndui ya kuku ni ugonjwa wa kuku. Unamshika kuku kwenye upanga na macho, na una chanjo yake. Aliyetafsiri kaipeleka *chickenpox* neno kwa neno na kumpeleka mtoto wa mtu kwa daktari wa mifugo.

---

Mpita Njia

😂😂 Daktari wa mifugo. Nimekaa paleee.

---

Nahodha wa Maneno

Hapo mmegusa jambo. Neno ndui halikufa na ugonjwa, limekuwa jina la ukoo. Ndui ya kuku, ndui ya ng'ombe, na hii mpox ambayo wengi waliiita ndui ya nyani kabla Shirika la Afya Duniani halijabadilisha jina mwaka 2022. Magonjwa yote hayo yanaleta vipele. Kwa hiyo hoja yangu: kama neno limeweza kwenda kwa kuku na nyani, kwa nini lisiende kwenye chunusi? Naunga mkono "uso wa ndui" kwa kovu lolote la kuzama, bila kujali lilikotoka. Kiingereza kilifanya hivyohivyo. Neno lao lilianza na vipele vya ugonjwa, sasa wanalisema hata kwa ukuta uliopigwa risasi.

---

Bibi Sarufi

Nahodha, napinga.

Kuku anaitwa ana ndui kwa sababu kuku ni mgonjwa. Nyani hivyohivyo. Umehamisha ugonjwa kutoka kiumbe hadi kiumbe, hujahamisha kovu. Ukisema "fulani ana ndui", kitenzi kiko wakati uliopo, na msikilizaji anasogeza kiti nyuma. Mke wa mtafsiri ametuthibitishia hilo bure.

Kiswahili kwenye kovu kinauliza: la nini? Kovu la moto, kovu la kisu, kovu la chanjo, kovu la upasuaji, kovu la ndui. Kile kiunganishi cha -a ndicho kinachobeba habari. Ukimwambia mtu "ana kovu" ukanyamaza, atasubiri umalizie. Wenzetu Waingereza wameridhika na umbo, sisi tunataka na chanzo.

Kwa hiyo: *makovu ya ndui*, kama ni ndui. *Makovu ya chunusi*, kama ni chunusi. Usimpe mtu ugonjwa ambao hakuugua.

---

Nahodha wa Maneno

Bibi nakuheshimu, lakini lugha haisubiri ruhusa. Nimesikia watu wanasema barabara ina ndui, na kila mtu kaelewa kwamba ni mashimo.

---

Bibi Sarufi

Barabara ina ndui ni utani, na ni utani mzuri. Unafanya kazi kwa sababu kila anayesikia anajua barabara haiugui. Siku utakaposema hivyo kuhusu mtu, huo si utani tena. Kwa vitu visivyo na ngozi tuna maneno mengi hata hivyo. Ukuta umetobolewa na risasi, na hapo kutoboka kunaruhusiwa kama risasi imepita. Kama imeng'oa lipu tu, ukuta umebanduka, umechimbika. Chuma kimeliwa na kutu. Sura ya Mwezi imejaa kasoko, yale mashimo makubwa ya duara.

---

Nahodha wa Maneno

Kasoko nakubali. Na kwa kuwa umetaja Mwezi: Galileo alipouelekezea darubini mwaka 1609 na kuchapisha alichokiona mwaka uliofuata, alikuwa anapigana na hilihili la mtafsiri, kueleza uso wenye mabonde ya duara kwa watu walioamini ni laini kama kioo. Sehemu moja akaulinganisha na macho ya mkia wa tausi. Hakusema una ndui 😀

Hoja yangu bado inasimama robo.

---

msafiri_wa_kimya

Huwa nasoma tu humu sichangii. Leo nichangie kwa kuwa mnaongelea uso wangu.

Nina makovu ya chunusi tangu nina miaka 17. Mashavu yote mawili na pembeni ya paji. Shuleni niliitwa Mwezi, nilidhani ni sifa mpaka nilipoona Mwezi kwenye kitabu cha jiografia. Baadaye kuna mtu mzima aliniita Ndui, tena kwa upendo kabisa, na kila nilipoingia mahali alikuwa analitamka kwa sauti. Nilikuwa nasikia watu wakinong'ona kama nimepona. Kwa hiyo bibi anasema kweli. Hilo neno likimkaa mtu usoni linamwita mgonjwa.

Mtafsiri, mimi nikupe kitu ambacho kamusi haikupi. Makovu haya hayaonekani wakati wote. Mwanga ukinipiga usoni moja kwa moja, kama wa dirisha ninaloliangalia, uso unakaa sawa, hata kwenye picha natoka vizuri. Shida ni mwanga wa pembeni au wa juu. Taa ya kwenye lifti ni adui yangu. Kila kishimo kinakuwa na upande wenye mwanga na upande wenye giza, kama nyayo kwenye mchanga jua likizama. Kwenye kikao huwa nachagua kiti kwa kuangalia taa iko wapi, na sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Kunyoa nako ni kazi, wembe unaruka juu ya mashimo, ndani zinabaki nywele mbili mbili.

Kwa hiyo kama unataka msomaji auone uso bila kuupa jina, washa taa ya pembeni.

---

mtafsiri_wa_usiku

Msafiri, asante. Sina la kuongeza. Nimesoma mara tatu.

---

Mpita Njia

Mkuu msafiri, heshima. Nafuta kicheko changu cha dimpozi.

---

msafiri_wa_kimya

Usifute, hata mimi nilicheka 😄

---

Kalamu Butu

Kwenye historia hayo makovu yalikuwa mpaka kitambulisho. Karne ya 18 Uingereza, matangazo ya kutafuta mtumishi wa nyumbani yalikuwa yanataka aliyewahi kuugua ndui, maana huyo hawezi kuiingiza tena nyumbani. Uso wenye mashimo ulikuwa cheti. George Washington aliugua ndui huko Barbados mwaka 1751, akabaki na alama, na miaka mingi baadaye kwenye vita hakuambukizwa tena wakati askari wake walikuwa wanapukutika. Akaamuru wapandikizwe.

Na Stalin aliugua utotoni. Polisi wa siri wa mfalme wa Urusi walimwandika kwenye mafaili yao kwa jina la *Ryaboi*, yaani mwenye makovu ya ndui. Alipotawala, picha zake zikawa zinasawazishwa uso kabla ya kutoka. Ukiangalia picha rasmi ana mashavu kama ya mtoto.

Sasa swali langu kwa mtoa uzi, na ndilo nilipaswa kuanza nalo: jambazi wako ana umri gani, na riwaya inatokea mwaka gani?

---

mtafsiri_wa_usiku

Ana miaka 35 na kitu. Mwaka hautajwi ila wana simu za kupangusa.

---

Kalamu Butu

Basi ndui imekufa hapohapo. Kwa umri huo, kama hadithi ni ya miaka hii, alizaliwa ndui imeshatokomezwa. Ukiandika "makovu ya ndui" msomaji makini atakukamata, au atadhani mwandishi kaweka fumbo. Bado chunusi au tetekuwanga.

---

Bibi Sarufi

Mtafsiri, mwandishi mwenyewe hasemi popote? Umesoma kitabu hadi mwisho au unatafsiri huku unasoma?

---

mtafsiri_wa_usiku

Bibi… natafsiri huku nasoma.

Nipeni jioni moja.

---

Mpita Njia

Amekamatwa 😂

---

mtafsiri_wa_usiku

Nimerudi. Nimesoma mpaka mwisho. Wakuu, ningeharibu kitabu cha watu.

Sura ya 23, mpelelezi anamhoji mama mmoja mzee. Mama anasema wanawe wawili waliugua tetekuwanga wiki moja, mmoja alimfunga mikono kwa soksi asijikune, mwingine alikataa kufungwa. Hapo ndipo mpelelezi anaunganisha: yule mtu wa uso uliochimbika ni ndugu wa yule wa uso laini. Kitabu kizima kinaning'inia kwenye hizo soksi.

Maana yake mwandishi alitumia neno lisilosema chanzo kwa makusudi. Ningeandika "makovu ya chunusi" sura ya pili, ningedanganya. Ningeandika "makovu ya tetekuwanga", ningefichua siri kurasa 200 kabla ya wakati wake. Na bibi anasema Kiswahili kinauliza la nini. Sasa nifanyeje nisipojibu?

---

ngozi_ni_nguo

Mwandishi kafanya utafiti huyo, ingawa uso mzima kwa tetekuwanga kazidisha kidogo. Mpunguzie: paji la uso, kando ya pua, shavu moja. Ikikubalika kwenye kitabu.

---

Bibi Sarufi

Kiswahili kinauliza, lakini hakikulazimishi kujibu papo hapo. Toa nomino, weka kitenzi. Nomino ndiyo inayodai -a. Ukisema "makovu", utaulizwa ya nini. Ukisema "uso umebonyeabonyea", umeeleza hali, umesimama, na msomaji anabaki na swali lake mfukoni mpaka sura ya 23. Huko ndiko utamletea "makovu ya tetekuwanga" kwa mara ya kwanza, na neno lenyewe litamshtua.

---

Nahodha wa Maneno

Bibi hapo umenishinda. Narudisha robo yangu.

---

mtafsiri_wa_usiku

Nimeandika hivi, nimeazima taa ya msafiri kwa ruhusa yake:

*"Alisimama chini ya taa ya varanda. Alipogeuka upande, mwanga ukamlamba shavu, na ngozi yake, ambayo kwa mbele ilionekana ya kawaida, ikabadilika: ilikuwa imebonyeabonyea kuanzia kwenye paji hadi kando ya pua, na kila kibonde kilijaa kivuli chake."*

Ni ndefu kuliko neno moja la Kiingereza, najua.

---

msafiri_wa_kimya

Ndivyo ilivyo. Hasa "kwa mbele ilionekana ya kawaida".

---

Bibi Sarufi

"Kibonde" zuri. Ila "mwanga ukamlamba shavu" punguza mbwembwe, mwanga si paka. Andika "mwanga ukampiga shavuni".

---

mtafsiri_wa_usiku

Imerekebishwa bibi.

Taarifa ya mwisho: mhariri karudisha sura ya pili leo asubuhi. Hakuna wino mwekundu kwenye aya hiyo. Ila pembeni ya koti, kule nilikoandika "koti la ngozi iliyochakaa", kaniuliza ni ngozi ya nani.

Nafungua uzi mwingine.